Maotea ya Mtama

Vijana wa ofisini waliniaga vizuri. Walinipikia pilau, wakaninunulia doti mbili za kanga, kisha mmoja wao akasimama akasema, "Mama Salome, kabla hujaenda kupumzika tuandikie kumbukumbu zako za kazini, nasi tuchote hekima." Nimekaa hapa nyumbani Ipuli nikaitafuta hiyo hekima, sikuiona. Nilichokiona ni hasira. Nilidhani umri ungeipoza, kumbe iko pale pale kama kaa la moto chini ya majivu. Basi mtasoma hasira. Ndani yake mtakuta na habari za tumbo la ng'ombe na damu yake, maana kwangu mimi mambo hayo hayakuwahi kuachana. Habari za vyeo na mishahara waulizeni wanaozipenda.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa machinjioni, Tabora mjini, miaka michache baada ya Uhuru. Mimi ni mtoto wa wakulima, Wamoraviani wa kijiji cha kusini mwa mji, na nilikuwa nimetoka chuo cha mifugo ambako wasichana tulikuwa wawili darasani. Nilikwenda nimevaa gauni jeupe, ujinga ambao sikuurudia tena. Nilipokelewa na Mzee Masudi, daktari wa mifugo, mtu wa Ng'ambo hasa, ule mtaa wa zamani wa mjini; babu yake alikuja na misafara ya pembe, akaoa, akabaki. Alivaa koti la kaki ambalo mifuko yake ilijaa sindano, nyuzi na vipande vya sabuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeambiwa naletewa bwana mifugo."

"Ndiye mimi."

Akalitazama gauni langu. "Basi Mungu akusaidie kufua."

Hakunipa kiti. Alinipeleka palipokuwa pamepasuliwa maksai muda huo huo, akaniambia nizamishe mkono hadi kwapani ndani ya tumbo kubwa, lile la kwanza ambalo majani hukaa kabla ng'ombe hajayacheua.

"Unasikia nini?"

"Joto."

"Joto la nini, na ng'ombe amekufa?"

Chuoni nilikariri majina ya matumbo yote manne, nikapata alama nzuri, lakini hakuna aliyeniambia kuna joto.

"Humo ndani kazi bado inaendelea," alisema. "Kuna vijidudu usivyoviona kwa macho, vimejaa kuliko watu wa dunia nzima. Ng'ombe hajilishi majani, binti. Anavilisha vijidudu vyake, navyo ndivyo vinavyomlisha yeye. Vinavunja majani, vinampa nguvu, vinampa maziwa. Na majani yakiwa na sumu iliyofungwa ndani yake, vitaifungua vile vile bila kuuliza. Kwao kazi ni kazi."

Nimefundishwa na wengi baada ya hapo, baadhi yao kutoka ng'ambo ya bahari. Hakuna aliyenifundisha kama Mzee Masudi. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba nitakayoyasema mbele siyasemi juu ya mjinga. Mjinga ningemsamehe siku ile ile.

Alinifundisha kumtazama mnyama mzima kabla ya mgonjwa. "Usiniletee jina la ugonjwa. Niambie anapumua vipi, anacheua au hacheui, ufizi wake una rangi gani." Alinifundisha kufunga kipimajoto kwa uzi na kibanio cha nguo mkiani mwa ng'ombe, kwa sababu kipimajoto kisichofungwa huingia kikazamia, na hapo unabaki kueleza serikali kilikokwenda. Zaidi ya yote alinifundisha damu. Damu ya mshipa unaotoka moyoni ni nyekundu kwa sababu imebeba hewa ya oksijeni. Ile inayorudi imeiva, ni nyeusi nyeusi, kwa sababu mwili umeshaichukua hewa hiyo ukaitumia. "Damu haijui uongo," alikuwa akisema. "Uongo ni wa mtazamaji."

Nikapewa baiskeli na eneo la kuzungukia, vijiji vya magharibi kando ya ile njia ya zamani ya kwenda Ujiji. Nilipofika boma la kwanza walinitazama nyuma ya mabega wakimtafuta bwana mifugo mwenyewe. Nikasema amekwishafika. Mwenye boma akaniuliza kama nina mume anayejua nilipo. Nikamwambia mume wangu anajua nilipo kuliko yeye anavyojua waliko kupe wa ng'ombe wake, kisha nikainua mkia wa ng'ombe nikamwonyesha. Tangu siku hiyo wakaniita Bibi Mifugo.

Mzee Shija nilimfahamu kwa maksai aliyevimba. Huyu alikuwa mfugaji, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyewajua ng'ombe wake kwa majina na kwa ukoo. Maksai wake wa kukokotea jembe alikuwa amekula majani mabichi ya maharage yenye umande, na gesi ikashindwa kutoka. Ubavu wa kushoto ulikuwa umeinuka kupita uti wa mgongo. Mnyama wa namna hiyo hafi kwa sumu, anakufa kwa kukosa pa kuvutia pumzi. Tumbo linasukuma mapafu mpaka yanabaki kama vitambaa. Sikuwa na chuma chake cha kutobolea. Kilikuwa kimoja tu wilaya nzima nacho kilikuwa kwingine. Nikamwomba mke wake, Mama Dotto, akanikatie bua la jani la mpapai, lililo wazi katikati kama bomba. Nikapima mahali kwa kiganja, nikachoma kisu, nikaingiza lile bua. Gesi ikatoka kwa kishindo na harufu ambayo Mama Dotto alisema itabaki kwenye nguo zake mpaka arusi ya mjukuu.

Mzee Shija alikaa chini, akamshika maksai pembe. "Mwanangu," akaniambia, "hapa ukipita usiseme hodi." Na sikusema tena hodi katika boma lile, mpaka lilipobomolewa.

Lilibomolewa wakati wa kuhamia vijijini. Nisieleweke vibaya. Mimi niliimba nyimbo za Ujamaa kwa moyo wote, na shule iliyojengwa Itundamila, kijiji kipya walikohamishiwa akina Shija, nilibeba mawe yake kichwani. Kisima kilichimbwa, watoto wakasoma. Lakini yalikuwapo mambo mawili: lile wazo, na watu waliopewa madaraka ya kulitekeleza. Wazo lilisema watu wajadiliane. Itundamila tulipelekewa Ndugu Mratibu, kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi na sauti ya mkutanoni hata akiomba chumvi, naye alikuwa hajadiliani. Aliagiza. Ng'ombe waliokuwa wametawanyika katika mapori mapana wakakusanywa karibu na barabara, ili wageni wakipita waone maendeleo. Ng'ombe wengi, malisho kidogo. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza angeipatia jibu.

Mwaka huo mvua zilichelewa, zikaja kidogo, zikakata. Mtama wa shamba la kijiji ulivunwa ukiwa na masuke mepesi. Mabua yakakatwa. Kisha ikanyesha mvua moja ya uongo, na kwenye visiki vya mtama yakatoka maotea: machipukizi mabichi, mafupi, yanayong'aa. Kila kitu kingine kilikuwa kikavu. Kwa mbali ungeliona lile shamba la kijani ukadhani Mungu ametandika mkeka.

Kila mtu wa Unyamwezi anajua muhogo mchungu. Anajua kwamba hauliwi hivi hivi, unalowekwa, unaanikwa, maana una sumu. Sumu ya maotea ya mtama ni ile ile. Mtama ukiwa mrefu na umekomaa, sumu hupungua, lakini ukichipua baada ya ukame hujaa katika jani changa. Imefungwa, haimdhuru mtu akilishika. Ng'ombe akila, vile vijidudu vya tumboni vinaifungua, na sumu inaingia kwenye damu. Jina lake sayanidi. Haizuii pumzi kuingia. Inazuia mwili kuitumia. Hewa inafika mlangoni mwa kila chembe ya mwili na mlango haufunguki. Mnyama anakufa kwa kukosa hewa huku damu yake imejaa hewa.

Haya nilimweleza Ndugu Mratibu nikiwa nimesimama juani, yeye kivulini, aliposema ng'ombe waingizwe shamba la kijiji kwa sababu kuna ugeni unakuja.

"Bibi Mifugo," alisema, "majani ni majani. Ng'ombe wanakufa njaa, wewe unaleta mambo ya maabara."

"Ndugu, subiri. Yaache yakue, au yakatwe yaanikwe vizuri."

"Wageni hawasubiri."

Mzee Shija naye alikuwapo, kwa sababu ndiye aliyechaguliwa kusimamia kundi la kijiji. Akasema kwa upole wake, "Ndugu, hata baba zetu hawakulisha hayo." Ndugu Mratibu akamwuliza kama anapinga kijiji. Nikamgeukia Mzee Masudi, aliyekuwa amekuja kukagua josho. Neno lake lilikuwa na uzito kuliko langu mara kumi. Alitazama viatu vyake. "Tutaangalia," akasema. Neno hilo, wanangu, likisikika ofisini kwenu jueni kuna mnyama atakufa.

Asubuhi iliyofuata mgambo wawili walisimama nyuma ya Mzee Shija mpaka alipoingiza kundi shambani.

Nilikuwa upande wa pili wa kijiji nikichanja kuku. Niliposikia yowe nilikimbia, na nilipofika tayari wengine walikuwa wamelala. Ng'ombe aliyekuwa amesimama anatetemeka, anatoa povu, anavuta pumzi kama anayekunywa, miguu inamkatika, anaanguka, anapiga mateke, kimya. Walikuwa wakianguka na majani mdomoni. Mzee Shija alikuwa akiwafukuza waliobaki kwa fimbo, analia, anawaita majina, na wao kwa njaa yao walikuwa wanageuka kurudi. Mimi na Mama Dotto tukafungua kanga zetu tukazipunga na kupiga makelele mpaka tukawatoa.

Nilimwendea mmoja aliyekufa. Sikupasua kwanza, maana mnyama aliyekufa kwa kimeta, ugonjwa unaoua hata watu, hukatazwa kupasuliwa. Nilikagua pua, nikakagua nyuma, hapakuwa na damu iliyotoka. Nikachoma sikio: damu nyekundu, imeganda kama kawaida. Ndipo nikafungua. Hata damu ya mshipa wa kurudi, ile inayopaswa kuwa imeiva, ilikuwa nyekundu kama ua la mkrismasi. Tumboni harufu ya muhogo mchungu uliolowekwa. Mzee Masudi alikuja akachuchumaa upande wa pili wa mzoga. Alitazama. Mtu aliyenifundisha kuisoma damu alikuwa anaisoma.

Mkutano ukaitwa mbele ya godauni la kijiji. Mzee Shija aliletwa mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya katani. Ndugu Mratibu alisema huyu ni mhujumu, tangu mwanzo hakutaka kuhama, ameua mali ya wananchi kwa sumu ya kienyeji. Mama Dotto akapiga magoti akisema, "Jamani, mlimwona! Mgambo walimsimamia!" Hakuna aliyeitikia. Mgambo wenyewe ndio waliokuwa wamemshika Shija.

"Tumsikie mtaalamu," alisema Ndugu Mratibu. "Mzee Masudi, ng'ombe wameuawa na nini?"

Mzee Masudi alisimama. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwa Shija.

"Yaelekea ni kimeta," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Kisha nikaelewa. Alikuwa akitafuta jibu lisilo na mwenye kosa. Ugonjwa hauna mwenyewe. Shija angefunguliwa, Mratibu asingeaibika, na yeye angerudi kwake Ng'ambo kula chakula cha mchana. Jibu zuri, la mtu mwerevu. Nikasimama.

"Si kimeta! Damu ya kimeta ni nyeusi na haigandi, inatoka puani. Hawa wameuawa na maotea ya mtama, na walioagiza waingie shambani tunawajua."

"Keti, Bibi."

"Sikai. Mzee, waambie! Umeiona damu!"

"Keti," alirudia Ndugu Mratibu, "au utafungwa naye." Mzee Masudi hakugeuza uso.

Ule werevu haukumfaa Shija hata kidogo. Ndugu Mratibu alilichukua neno kimeta kwa mikono miwili. Basi, alisema, huyu mzee alijua ng'ombe wake ni wagonjwa akaficha, akaua kundi la kijiji. Wakampandisha kwenye Land Rover wakampeleka mahabusu mjini. Na kwa kuwa sasa lilikuwa jambo la kimeta, sheria ya kimeta ikafuatwa: mizoga ikamwagiwa mafuta ya taa ikachomwa. Kijiji chenye njaa kilisimama kuitazama. Nakumbuka mafuta ya nyama yakidondoka motoni, na wazee wakimeza mate.

Nilimkuta Mzee Masudi akifunga mkoba wake kwenye baiskeli.

"Damu ilikuwa na rangi gani?" nikamwuliza.

"Salome."

"Ilikuwa na rangi gani, mwalimu?"

"Nyekundu."

"Na ulisema nini?"

Akashusha pumzi. "Mwanangu, nina watoto saba na wajukuu. Jibu ninalolijua na jibu ninaloweza kulisema si kitu kimoja. Nawe utafika huko."

"Sitafika," nikasema, na niliacha kumwamkia kuanzia hapo. Kwa binti wa Tabora hilo si jambo dogo. Nilipishana naye kama napishana na nguzo.

Uongo una tabia moja ambayo chuoni hawafundishi: haukai mahali ulipouweka. Kwa kuwa ni kimeta, shamba halikuwa na hatia, na halikufungwa. Kwa kuwa ni kimeta, chanjo ikaagizwa, na ng'ombe wote waliobaki wakusanywe kuchanjwa. Wakusanywe wapi? Penye nafasi, karibu na barabara. Shamba la mtama.

Nilikataa kutoa tangazo. Likatolewa na mwingine. Ndipo nikapanda baiskeli kwenda mjini kutafuta dawa, kwa sababu sayanidi ina dawa, ukiwahi. Ini lenyewe lina ufundi wa kuiua: huchukua salfa na kuifunga pamoja na sumu, ikawa kitu kisichodhuru kinachotoka na mkojo. Tatizo ni kwamba salfa ya mwilini ni kidogo na sumu inakuja kwa wingi. Ukimpa mnyama salfa ya namna inayofaa kwenye mshipa, ini linamaliza kazi. Katika stoo yetu chumvi hiyo ya salfa haikuwapo, na mtunza stoo alinijibu bila hata kuinuka. Nikiwa nimesimama barabarani pale Isevya nikiwa nimechoka, nikakumbuka kwamba chumvi ile ile ndiyo wapiga picha huitumia kuifanya picha isifutike, nao huiita kwa Kiingereza "hypo", hutamkwa haipo.

Nikavuka hadi Ng'ambo, kwa Bwana Salumu mpiga picha, aliyekuwa na studio yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji.

"Bwana Salumu, nataka ile dawa ya picha. Haipo."

"Ipo."

"Ndiyo, haipo."

"Nimekwambia ipo, Mama!"

"Nakuomba hiyo inayoitwa haipo!"

Tulitazamana, kisha akacheka mpaka akashika meza. Hicho ndicho kicheko pekee ninachokikumbuka cha mwezi ule. "Katika nchi hii," akasema, "kitu pekee kilichopo ndicho kinachoitwa haipo." Nilipomweleza inakwenda kwa nani, aliacha kucheka. Alinipa kopo zima la chembechembe safi, zisizochanganywa na kitu, akakataa kusikia habari ya malipo. Kwa wiki kadhaa, nilisikia baadaye, watu wa Tabora walioana bila picha.

Nilifika Itundamila siku ya chanjo, jua limeshapanda. Ng'ombe walikuwa wamejaa shambani wakisubiri zamu, na ng'ombe mwenye njaa hasubiri mdomo umefungwa. Mzee Masudi alikuwa kwenye meza ya chanjo, bomba la sindano mkononi. Nilimwona akiinua kichwa pale ng'ombe wa kwanza alipoyumba.

Sikumwambia neno. Nilimwita Mama Dotto, akaleta maji yaliyochemshwa ya chai. Nikayeyusha ile dawa, nikaichuja kwa kitambaa safi, nikavuta kwenye bomba kubwa. Ng'ombe wa kwanza alikuwa amelala, macho yametoka. Mshipa wa shingo nilikuwa naukosa kwa sababu alikuwa akipiga kichwa chini. Ndipo mikono mingine ikashika pembe, goti likabana shingo, dole gumba likauzuia mshipa ukavimba.

"Choma," alisema Mzee Masudi.

Nikachoma. Damu ikarudi kwenye bomba, nyekundu tupu. Nikasukuma taratibu. Tukakaa. Pumzi ikaanza kutulia. Mnyama akakunja miguu ya mbele, akakaa kama mtu aliyezinduka, akatikisa masikio. Baadaye kidogo akasimama.

Watu walikuwa wametuzunguka. Ndugu Mratibu alipasua kundi akauliza kuna nini, kwa nini chanjo imesimama. Mzee Masudi alinyanyuka, koti lake limejaa mate ya ng'ombe na udongo.

"Imesimama kwa sababu hakuna kimeta," alisema, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. "Hapakuwa na kimeta. Ni mtama. Huyu binti alisema kweli siku ile na mimi nilisema uongo. Watoeni ng'ombe shambani! Watoeni!"

Watu wakakimbilia ng'ombe. Tuliwachoma walioanguka mpaka kopo likaisha. Baadhi walisimama, baadhi hapana. Wengi waliokoka kwa sababu walitolewa. Ndugu Mratibu alikuwa akisema kitu kuhusu nidhamu, hakuna aliyemsikiliza. Mama Dotto alikuwa amesimama mbele ya Mzee Masudi, bado ameshika sufuria la maji.

"Na mume wangu?" akauliza.

Siku ile ile wanawake wa Itundamila walianza safari ya kwenda mjini kwa miguu, na mimi nikiwa nao, nasukuma baiskeli. Tuliketi mbele ya ofisi ya wilaya hadi askari wakachoka kutufukuza. Hata hivyo Mzee Shija hakutoka upesi. Kuingia mahabusu alihitaji neno moja la mtu mmoja. Kutoka alihitaji neno la kila mtu, na kila mtu alikuwa safarini au mkutanoni. Alitoka baada ya miezi, amekonda, meno ya mbele hayapo. Hakuna aliyemwomba radhi. Ndugu Mratibu alihamishwa, nasikia kule alikokwenda alisimamia shamba la mpunga. Nauonea huruma mpunga. Mzee Masudi alipata barua ya kustaafishwa kabla ya wakati wake.

Na mimi bado nilikuwa simwamkii.

Alinifuata mwenyewe nyumbani, mwaka uliofuata, amevaa kanzu ya Ijumaa. Alisimama mlangoni kama mgeni. Nikamletea kiti, nikasema shikamoo, kwa kuwa mtu aliye nyumbani kwako ni mgeni wako.

"Nimekuja unisamehe, Salome."

"Mimi ulinifanya nini?" nikamwambia. "Mimi nililala kwangu. Nenda Itundamila."

"Naona haya."

"Ndiyo. Twende."

Tulikwenda pamoja, yeye kwa lori hadi njia panda, kisha kwa miguu, na alikuwa akipumzika mara kwa mara. Mzee Shija tulimkuta zizini akimkamua ng'ombe. Alitusalimu Kinyamwezi, mwangaluka, bila kuacha kukamua. Mzee Masudi alisimama mbele yake, daktari wa mifugo wa miaka yote ile, akaeleza. Hakujitetea. Alisema aliiona damu, aliijua, akaogopa, akasema kimeta. Alisema amekuja kuomba radhi.

Mzee Shija alimaliza kukamua. Akaweka kibuyu chini, akamfungua ng'ombe miguu, akampiga kofi dogo aende. Ndipo akamtazama.

"Siku ile mbele ya godauni," alisema, "nilipokuwa nimefungwa. Uliniona?"

"Nilikuona."

Mzee Shija aliinama akakiokota kibuyu.

"Kule ndani," akasema, "kila siku nilikuwa najiambia, yule bwana hakuniona. Watu walikuwa wengi, jua lilikuwa kali, hakuniona. Angeniona angesema."

Mama Dotto alileta maji ya kunywa katika kata. Mzee Masudi aliipokea kwa mikono miwili, akabaki ameishika, wala hakunywa.